Kuchagua Kompyuta Mpakato kwa Asiye Mtaalamu wa Kompyuta

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya wajasiriamali na wakazi wa kata



Uchukuliwe mfano wa kikundi cha mama lishe kumi. Kwa mwaka mmoja na nusu kila mmoja wao amekuwa akichanga shilingi 5,000 kwa mwezi, na sanduku lao sasa lina shilingi 900,000. Kikao kimekubaliana kwa kauli moja kwamba fedha hiyo inunue kompyuta mpakato, chombo ambacho mitaani huitwa laptopu. Sababu yao ni nzito. Zabuni za Serikali, ikiwa ni pamoja na zile za kuhudumia chakula katika mikutano na semina, hupitia katika mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma unaoitwa NeST, ambao ulianza kutumika mwaka 2023. Taasisi za umma nazo zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa ajili ya makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mlango upo wazi, lakini unafunguliwa kwa kibodi.

Hadi sasa kina mama hao wamekuwa wakienda kwa kijana wa steshenari. Wanalipa kila wanapoingia, wanamwachia nywila yao, na bei wanazokusudia kuomba zinachapwa mbele ya wateja wengine waliopanga foleni. Huenda mmoja wa wateja hao ni mshindani wao. Kwa hiyo kompyuta wanayoitaka si pambo la ofisi. Ni namna ya kuirudisha siri ya kikundi mikononi mwa kikundi.

Taabu ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumiliki kompyuta. Fedha waliyonayo ni ya safari moja tu ya dukani. Ikinunua mashine mbovu, itawachukua mwaka mwingine na nusu kufika hapo walipo leo.

Watu wengi walio katika hali hiyo hudhani kwamba, kabla ya kununua, sharti kwanza wajifunze kompyuta. Hawalazimiki. Mkulima anayekwenda mnadani kununua ng'ombe hajasomea udaktari wa mifugo, lakini hufungua mdomo wa mnyama akatazama meno, maana meno hayadanganyi kuhusu umri. Kisha humtembeza aone kama anachechemea. Kompyuta nayo ina meno yake, nayo hutembezwa. Asiye mtaalamu akijua kuyasoma meno hayo na kuitembeza mashine kwa nusu saa kabla ya kutoa fedha, amekwisha kujikinga na sehemu kubwa ya hasara zinazowapata wanunuzi.

Lakini kabla ya kufika mnadani, liko swali ambalo muuzaji hawezi kulijibu: mashine hii itafanya kazi gani, mikononi mwa nani, na mahali gani? Mama lishe wa mfano huu wana kazi nne: kufungua mifumo ya Serikali kwenye intaneti, kuandika barua na maombi, kutunza hesabu katika majedwali, na kuhifadhi nakala za vyeti vya kikundi. Zote ni kazi nyepesi kwa kompyuta yoyote iliyo na afya. Kijana anayehariri video za harusi ana mahitaji makubwa zaidi, na mwanafunzi anayekwenda kusomea uhandisi au usanifu wa majengo aulize chuo chake kwanza kinatumia programu zipi, kwani baadhi ya programu hizo hudai mashine yenye nguvu na ghali. Anayetaka tu kutuma maombi ya mara moja na kufuatilia majibu yake huenda haitaji kompyuta hata kidogo. Simu janja aliyonayo inatosha, na fedha yake ibaki mfukoni.

Mahali pia pana uzito wake. Palipo na umeme wa kukatikakatika, au panapotegemea sola, betri huwa jambo la kwanza na si la mwisho. Aghalabu chaja za kompyuta mpakato za kazi za ofisini huwa za wati 45 hadi 65, kwa hiyo mwenye mfumo mdogo wa sola uliofungwa kwa ajili ya taa na simu amuulize fundi wake kama utaubeba mzigo huo.

Sasa mnadani. Katibu wa kikundi, binti aliyemaliza kidato cha nne, na mhazini, ambaye ni mkubwa kwao wote kwa umri, wanaingia katika duka la kompyuta mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tunatafuta kompyuta ya kazi za kikundi."

"Umefika, mama yangu. Hii hapa ni i7. Ukishasikia i7, hakuna tena ya juu yake. Laki nane na nusu, nakupa na begi."

Hapo ndipo wanunuzi wengi huanguka. Kwenye kibandiko cha mashine nyingi huandikwa i3, i5 au i7. Tarakimu hiyo hutaja daraja la kichakato, yaani ubongo wa kompyuta, miongoni mwa ndugu zake waliozaliwa pamoja. Haisemi walizaliwa lini. Mashine ya i7 ya mwaka 2013 ni mzee aliyekuwa hodari ujanani. Mashine ya i3 ya mwaka 2020 ni kijana wa kawaida, na kwa kazi za kila siku ataishi muda mrefu zaidi.

Meno yenyewe yako katika namba inayofuata. Jina kamili la kichakato cha Intel huandikwa, kwa mfano, i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, basi hicho ni kizazi cha nane. Kikiandikwa i7-4600U, ni kizazi cha nne. Namba ikianza na 1, zisomwe tarakimu mbili pamoja: i5-10210U ni kizazi cha kumi, na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Ili kuiona namba hiyo hahitajiki fundi. Mashine ikiwa imewashwa, hubonywa kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi R, kisha katika kisanduku kinachotokea huandikwa dxdiag na kubonywa Enter. Jina la kichakato hujitokeza hapo pamoja na ukubwa wa RAM. Anayeona aibu kufanya hivyo mbele ya muuzaji amwombe muuzaji mwenyewe afanye. Anayekataa ameshajibu.

Kwa nini umri uwe mkubwa kuliko cheo? Kwa sababu Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye Windows 10 bado inawaka na inafanya kazi, lakini viraka vya usalama, yale masasisho ya kila mwezi yanayoziba matundu yanayotumiwa na wezi wa mtandaoni, havitolewi tena katika utaratibu wa kawaida. Iliyochukua nafasi yake, Windows 11, kwa kawaida hupokea vichakato vya Intel kuanzia kizazi cha nane, vilivyoanza kutoka mwaka 2017. Kwa vichakato vya AMD vinavyoitwa Ryzen, mnunuzi asiyetaka kuumiza kichwa achukue namba zinazoanzia 3000 kwenda juu. Mashine zilizo chini ya mpaka huo zimejaa madukani kwa bei ya kuvutia, kwa kuwa ofisi za nchi nyingi zinaziondoa. Wapo pia mafundi wanaozipachika Windows 11 kwa njia za panya. Kwa hiyo kuona maandishi ya Windows 11 kwenye kioo hakutoshi, na namba ya kichakato isomwe hata hivyo.

Mhazini anauliza, "Hii i7 ni ya kizazi cha ngapi, mwanangu?" Muuzaji anamtazama upya. Ni ya kizazi cha nne. Anairudisha kwenye rafu na kutoa nyingine mbili, bila begi.

Baada ya umri kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku, nayo ni RAM na hifadhi. Mama lishe wanaweza kuyaelewa kuliko wengi. Hifadhi ni stoo, mahali pa kuweka magunia yote, na RAM ni meza ya kukatia. Mpishi mwenye stoo kubwa na meza ya upana wa kiganja atachelewa kupika, maana kila mara atakuwa akiondoa kitunguu ili aweke nyanya. RAM ya gigabaiti 4 ni meza hiyo nyembamba. Itafungua ukurasa mmoja wa intaneti na barua moja, kisha itaanza kuhema. Gigabaiti 8 zinatosha kwa kazi za kikundi. Ipo pia hoja ya baadaye: katika baadhi ya mashine RAM huweza kuongezwa, na katika nyingine imegandishwa moja kwa moja kwenye ubao wa ndani. Hilo liulizwe siku ya kununua.

Kwa upande wa stoo, aina ni muhimu kuliko ukubwa. Ile ya zamani ina sahani ndani inayozunguka, na ina sindano inayosoma juu yake. Ikipigwa mtikisiko wakati inafanya kazi, huweza kuharibika pamoja na kumbukumbu zote za kikundi. Aina mpya, inayotambulika kwa herufi SSD, haina kitu kinachozunguka, ni ya haraka sana, na inavumilia zaidi maisha ya kusafirishwa kwa bodaboda katika barabara za vumbi. SSD ya gigabaiti 256 ni bora kwa kikundi kuliko diski ya kuzunguka ya gigabaiti 1,000, hata kama ya pili inaonekana kubwa mara nne kwenye karatasi ya bei. Barua, vyeti na majedwali ya miaka mitano ya kikundi hayatajaza hata sehemu ndogo ya hizo 256. Hapohapo na mwenye kompyuta ya zamani nyumbani apate neno: iwapo imekidhi kizazi lakini ni nzito kama jiwe, kubadilisha diski yake na kuweka SSD mara nyingi huifufua kwa gharama ndogo kuliko ya kununua nyingine.

Linabaki suala la mpya au iliyotumika, na hapa maoni hutofautiana hata miongoni mwa mafundi. Neno "mpya" lina utamu wake, na boksi lililofungwa lina heshima mbele ya kikao. Lakini mashine mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi hupunguziwa pale ambapo macho hayafiki. Huwa na RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Hivyo ndivyo viwango vya chini kabisa ambavyo Windows 11 yenyewe inavidai. Maana yake ni kwamba mgeni ameingia nyumbani na kulala kitandani, na mwenye nyumba amebaki sebuleni. Baada ya masasisho machache nafasi inakwisha, na nyingi za mashine hizo haziongezeki.

Kwa fedha ya kikundi hiki, mashine iliyotumika ya daraja la ofisi, ya kizazi cha nane hadi cha kumi na moja, ni chaguo lenye busara zaidi kuliko mpya ya daraja la mwisho. Familia za ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP zilitengenezwa kwa ajili ya kampuni na ofisi, zenye bawaba imara na kibodi za kuhimili kazi, na vipuri vyake si vigumu kupatikana kwa kuwa zipo nyingi. Mwenye uwezo wa kununua mpya yenye RAM ya gigabaiti 8 na SSD anunue bila wasiwasi. Atapata betri changa na udhamini kamili. Ushauri huu ni wa wale ambao shilingi 900,000 ni jasho la watu kumi.

Iliyotumika, hata hivyo, ina mitego yake, na baadhi ni ya ajabu. Kompyuta iliyotoka Ujerumani hubadilishana herufi Z na Y kwenye kibodi. Iliyotoka Ufaransa huweka A mahali pa Q. Mnunuzi hugundua akiwa nyumbani, anapoandika jina lake likatoka la mtu mwingine. Nyingine ni kompyuta za mfumo wa ChromeOS zinazoitwa Chromebook. Ni nyepesi na za bei nafuu, lakini programu za kawaida za Windows haziingii humo, na kila toleo lina tarehe ambayo masasisho yake yatakoma. Zipo pia zile ambazo bado zimefungwa kwa jina la kampuni au shule iliyozimiliki. Zinafanya kazi vizuri dukani, lakini siku zitakapofutwa na kuanzishwa upya hudai barua pepe ya mwajiri aliye ng'ambo ya bahari. Dawa yake ni kumtaka muuzaji aifute na kuianzisha upya mbele ya macho ya mnunuzi. Kazi hiyo huchukua muda. Mnunuzi na aende akanywe chai, arudi.

Chaja nayo itazamwe maandishi yake madogo. Palipoandikwa 100-240V panafaa kwa umeme wa Tanzania. Chaja inayotaja 110V au 120V peke yake isichomekwe kabisa.

Betri ndiyo inayowadanganya wengi, na inastahili kukaliwa kidogo. Katibu anauliza hali ya betri.

"Asilimia mia, dada. Tazama mwenyewe kwenye kona."

Mhazini anadakia, "Asilimia mia ya nini?"

Swali hilo ndilo lenyewe. Ile asilimia kwenye kona ni ya kiasi ambacho betri inaweza kubeba leo. Haionyeshi kile ilichobeba ilipokuwa mpya. Ndoo iliyotoboka katikati nayo hujaa hadi kwenye tundu na kuhesabiwa imejaa. Windows inaweza kuutoa ukweli huo: hubonywa kitufe cha dirisha, huandikwa cmd na kubonywa Enter, kisha katika dirisha jeusi linalofunguka huandikwa powercfg /batteryreport na kubonywa Enter tena. Kompyuta hutaja mahali ilipoiweka taarifa, na taarifa hiyo hufunguliwa kama ukurasa wa intaneti. Ndani yake mna mstari wa DESIGN CAPACITY, ambao ni ujazo wa kiwandani, na mstari wa FULL CHARGE CAPACITY, ambao ni ujazo wa leo. Ikiwa wa kwanza unasema 50,000 na wa pili 20,000, betri hiyo imebakiwa na mbili ya tano ya nguvu zake. Si lazima mashine ikataliwe kwa hilo. Bei ishuke kwa gharama ya betri nyingine, au muuzaji aibadilishe kabla fedha haijatoka.

Baada ya hapo mnyama atembezwe. Kompyuta iunganishwe na intaneti ya simu ya mnunuzi mwenyewe, si ya duka, na ufunguliwe mfumo uleule utakaotumika nyumbani. Katibu aandike barua ya mistari kumi akigusa kila herufi na kila namba. Kamera ifunguliwe, sauti irekodiwe na kusikilizwa, flashi ichomekwe katika kila tundu. Chaja ichomolewe mashine ikiwa inacheza video na saa itazamwe. Kioo kifunguliwe na kufungwa polepole, sikio likiwa karibu na bawaba. Kisha izimwe kabisa na kuwashwa tena. Mashine yenye SSD na afya njema haipaswi kumfanya mtu aanze kupiga soga wakati inawaka. Nusu saa inatosha, na muuzaji anayejiamini huwa hana haraka. Atakayesema "dada, wateja wananisubiri" aachwe awahudumie.

Kikundi chenye mwanachama asiyeona kimpe naye zamu ya kujaribu. Ndani ya Windows imo sauti ya kusoma kioo inayoitwa Narrator, na programu ya NVDA, inayofanya kazi hiyo kwa ubora zaidi, hutolewa bure. Pia hakuna haja ya kulipia dukani kile kinachoitwa kifurushi cha programu, ambacho mara nyingi ni nakala zilizovunjwa kufuli. Kinga dhidi ya virusi imo ndani ya Windows tayari, na LibreOffice, yenye uwezo wa kuandika barua na kutengeneza majedwali, ni bure kwa kila mtu. Programu iliyovunjwa kufuli ni mlango wa nyuma, na aliyeuvunja ndiye mwenye ufunguo.

Likija suala la malipo, upole uwekwe kando. Risiti ya mashine ya EFD ni haki ya mnunuzi na ni wajibu wake kuidai. Kwenye risiti au kwenye hati ya mauzo iandikwe namba ya utambulisho ya kompyuta, ile iliyobandikwa chini ya mashine, na jina la mnunuzi liwe la kikundi. Udhamini wa mdomo hufa muuzaji anapobadilisha zamu. Udhamini uandikwe ni wa miezi mingapi na unahusu nini, betri ikiwemo au haimo. Simu ikiibwa huweza kufuatiliwa kwa namba yake ya IMEI, lakini kompyuta mpakato nyingi hazina namba hiyo. Kwa sababu hiyo karatasi yenye namba ya utambulisho ndiyo ushahidi pekee kwamba kikundi kilinunua kwa halali. Kompyuta inayouzwa kando ya barabara kwa nusu bei bila karatasi yoyote huenda ilikuwa ya ofisi ya mtu jana usiku, na kupokea mali huku mtu akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi ni kosa la jinai.

Mashine ikishafika nyumbani, yapo mambo ambayo dukani hayaonekani lakini yameua kompyuta nyingi za vikundi kuliko ubovu wa kiwandani. Inakaa kwa nani? Nani anajua nywila? Mtoto wa katibu anaruhusiwa kuchezea michezo? Kikao kiyaamue kabla, na maamuzi yaingie kwenye muhtasari. Humo mtakuwa na majina, namba za simu, namba za vitambulisho na marejesho ya wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Nakala za nyaraka ziwekwe pia nje ya kompyuta, kwenye flashi inayofungiwa sandukuni au katika hifadhi ya mtandaoni, maana mashine inaweza kununuliwa tena lakini hesabu za mwaka zikipotea hazina duka. Flashi inayotembea kati ya steshenari na kompyuta ya kikundi ichunguzwe na kinga ya Windows kila inaporudi.

Kikundi ambacho bado kinasita kinaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata na kuomba kiunganishwe na Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri kwa ushauri kabla ya kwenda dukani. Maswali ya kabla ya malipo hujibiwa kwa urahisi kuliko malalamiko ya baada yake. Aliyeuziwa bidhaa bandia, au aliyenyimwa haki yake na muuzaji ilhali risiti anayo, anaweza kupeleka lalamiko lake kwa Tume ya Ushindani, iliyopewa jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Wale mama wawili walitoka dukani saa kumi jioni. Waliyoibeba ilikuwa ya i5, kizazi cha nane, RAM gigabaiti 8, SSD ya 256, kwa shilingi 720,000, ikiwa na betri nyingine iliyobadilishwa mbele yao na udhamini wa miezi sita kwa maandishi. Begi hawakupewa. Mhazini aliifunga kwa kanga, akaipakata kwenye basi njia nzima, na usiku huo akanakili namba yake ya utambulisho katika daftari la kikundi, ukurasa unaotazamana na ule wa michango ya shilingi elfu tanotano.